Usiku wa Saa 17

Kwetu Ngamiani, Tanga, giza lina adabu. Adhana ya Magharibi ikisikika, unajua saa 1 usiku iko mlangoni. Jua likichomoza, saa 1 asubuhi haiko mbali. Mwaka mzima ni hivyo, dakika chache huku na chache kule, ndiyo maana wazee wetu waliweza kuihesabu saa kutoka kwenye jua lenyewe: saa ya kwanza ya mchana, saa ya kwanza ya usiku, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Nilikua nikiamini kwamba usiku ni kitu chenye kipimo, kama pishi ya mchele.

Sasa naishi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Katikati ya Januari jua la huku linatoka karibu saa 3 asubuhi, tena kwa unyonge, na saa 10 na dakika 10 hivi jioni limeshazama. Usiku unakaribia saa 17. Na ni Januari hiyohiyo, si Juni wakati mwanga hautaki kuondoka, ambapo watu hukusanyika katika msitu ulio juu ya kijiji cha Contin, jirani na Strathpeffer, kuendesha baiskeli za mlimani saa 24 mfululizo. Mbio hizo zinaitwa Strathpuffer. Nimezipanda mara moja, na nimechelewa kuziandika kwa sababu kila nikianza nakwama kwenye swali la saa.

Kanuni ni fupi. Jumamosi saa 4 asubuhi mnaanza, Jumapili saa 4 asubuhi mnamaliza. Njia ni duara la kilomita kama 11, na anayezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Unaweza kuingia peke yako, mkaingia wawili, au wanne mkipokezana. Mtindo huu si wa zamani sana. Mwaka 1992 Mmarekani Laird Knight aliandaa mbio za saa 24 huko Canaan, West Virginia, timu zikipokezana mchana na usiku, na kutoka hapo mtindo ukasambaa. Wazo la kushindana saa 24 ni la zamani zaidi, na mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, zimekuwapo tangu 1923, na hata namna ya kuanza imetoka huko: baiskeli zinakaa mbali, wapanda baiskeli wanaanza kwa kukimbia kwa miguu na viatu vyao vigumu, kila mmoja akiitafuta ya kwake.

Wapo wanaofanya haya peke yao na kushinda dunia nzima. Mwaustralia Jason English alikuwa bingwa wa dunia wa saa 24 mara 7 mfululizo, 2010 hadi 2016, na mwaka 2014 alitwaa taji hilo Fort William, hukuhuku kwenye nyanda za juu za Uskoti. Sisi tulikuwa wanne: fundi seremala mmoja, mwalimu wa shule, muuguzi mwenzangu wa wodini, na mimi. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka.

Kabla ya mbio nilimpigia baba. Baba ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko Ngamiani hadi leo, na Tanga haijawahi kumnyima fundi baiskeli kazi. Wauza samaki, wanafunzi, vibarua, akina mama na mabuibui yao, wote wanakanyaga. Mama alikuwa akienda soko la Mgandini kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria nimeshika kikapu. Nikamweleza baba kwamba tutaendesha usiku kucha.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Hatuendi popote, baba. Tunazunguka, tunarudi palepale."

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Taa zenu ni za dainamo?"

Watu wengi walikuwa wameniuliza kuhusu mbio hizi: baridi, usingizi, kwa nini. Hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo. Taa ya dainamo, ile inayosuguliwa na tairi, inategemea mwendo wako. Ukipanda kilima ukachoka, inafifia wakati ule ule unapoihitaji. Zetu ni za betri ya lithiamu, zinamulika kwa nguvu ileile ukienda au ukisimama, lakini zina adui wao, nao ni baridi. Betri iliyojaa sebuleni inaweza kuisha nguvu kabla ya wakati wake ikipigwa na sakitu ya msituni. Ndiyo maana tunazibeba betri za akiba ndani ya nguo, karibu na tumbo, kama mtu anavyobeba kifaranga.

Tena taa ni mbili, na hili nilijifunza kwa kuanguka wakati wa mazoezi. Moja inafungwa kwenye usukani, nyingine kwenye kofia. Ya usukani inatazama gurudumu linakoelekea. Ukifika kwenye kona yenyewe inamulika miti, na njia imeshakata kushoto gizani. Ya kofia inafuata macho yako. Lakini ukiwa na ya kofia peke yake, ardhi yote inaonekana tambarare kama karatasi, kwa kuwa mwanga unatoka karibu na jicho na vivuli vinajificha nyuma ya mawe. Ya usukani iko chini, inalitupia kila jiwe kivuli chake, na ni kwa vivuli hivyo ndipo unajua shimo liko wapi.

Raundi yangu ya kwanza ilikuwa ya mchana, saa 6 na dakika 5. Sina mengi ya kuisema. Manyunyu, barabara ya magari ya msitu inayopanda taratibu mpaka mapaja yanawaka, kisha unaingia kwenye njia nyembamba: mizizi ya misonobari, vijito, miamba mipana iliyolala kama migongo ya viboko, halafu mteremko mrefu. Niliitumia raundi hiyo kukariri. Mti uliopasuka, baada yake mizizi mitatu. Mwamba wa pili, kaa kulia. Daraja la mbao, usiguse breki. Nilikuwa nahifadhi njia kama tulivyohifadhi sura fupifupi madrasa, kwa sauti, kwa mpangilio, ili usiku nisome bila msahafu.

Breki nazo zina habari yake. Maji ya msitu ule yanabeba mchanga mkali wa mawe, na mchanga huo unazila pedi kama msasa. Pedi laini zinazokaa miezi mjini zinaweza kuisha kabla ya mapambazuko. Seremala alikuwa na jozi kadhaa za chuma mfukoni, akazipanga kwenye meza ya hemani kwa heshima kabisa.

Raundi ya pili niliianza saa 10 na dakika 25 jioni. Magharibi ilikuwa imeshaingia. Nilikuwa nimesali pembeni ya hema, soksi jozi mbili, mkeka juu ya turubai, na nilipoinuka anga lilikuwa na rangi ya majivu ya mkaa. Nikawasha taa. Mkono wangu ulisita kwenye swichi. Saa 10 jioni ni wakati wa watoto kutoka kucheza, wakati wa kukaanga viazi karai barabarani. Kichwa changu hakikuwa na jina la kuupa wakati ule. "Saa 10 usiku" ninaijua, ni kabla ya alfajiri. "Saa 10 jioni" ninaijua pia, ina jua. Hii ya giza haikuwa ndani ya lugha yangu. Basi nikaamua, njiani, nikipanda ile barabara ya msitu, kwamba nitahesabu kama wazee: jua limezama, hii ni saa ya kwanza ya usiku. Saa inayofuata ni ya pili. Tutaona zitafika ngapi.

Jioni ile mvua ilikatika na mawingu yakaondoka. Ilikuwa furaha kwa dakika chache tu, maana anga likiwa wazi ardhi inapoteza joto lake lote. Kila kilichokuwa maji kikawa kioo. Mwalimu alirudi kutoka raundi yake saa 3 na dakika 20 usiku akiwa ameubana mkono wa kushoto kifuani. Alikuwa ameteleza kwenye mwamba wa pili. Niliukagua mkono kwa mwanga wa taa ya kofia: umevimba, hawezi kukunja ngumi. Watu wa huduma ya kwanza wakamfunga vizuri, akakaa kwenye kiti karibu na jiko la gesi, na kuanzia hapo akawa mpishi wetu na mtunza saa. Hakutaka kwenda kulala. Tukabaki watatu.

Seremala akatubadilishia tairi, akafunga zenye misumari. Ni tairi za kawaida zilizochomekwa vichwa vidogo vya chuma kigumu, vingi mno, ili ving'ate barafu. Sauti yake sijaisahau. Juu ya mwamba mkavu zinalia kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Ukiingia kwenye barafu sauti inashuka, inakuwa mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna sukari guru polepole. Raundi yangu ya tatu niliipanda kwa masikio. Mchele, mchele, kisha sukari guru: legeza mikono, usikate kona, usiguse breki ya mbele, pumua. Kisha mchele tena.

Mbali mbele yangu niliona taa za wengine zikipanda kilima, ndogondogo, zimepangana. Mtu wa pwani hawezi kuona kitu kile asikumbuke ngalawa za wavuvi wa usiku na karabai zao. Kwenye kona mbili wasimamizi wa njia walikuwa wamewasha moto wa magogo, na kila uliyepita walikuita kwa namba na kukupigia makofi. Walikuwa wamesimama pale tangu saa zisizojulikana. Huwa nawafikiria watu wale kuliko washindi.

Hemani kulikuwa na chai ya tangawizi kwenye chupa, viazi karai nilivyokaanga Ijumaa, na mkate wa kumimina. Wenzangu walikuwa wameleta vyakula vya kunyonya vya michezo, vile vya pakiti. Kufikia saa 5 usiku pakiti zilikuwa zimegeuka kama gundi kwa baridi na mkate wa kumimina ulikuwa umebaki robo. Mchele, tui, sukari, hiliki: hakuna mwanasayansi wa michezo aliyemwambia bibi yangu kitu, lakini alikuwa anajua chakula cha safari.

Nililala kwa muda wa saa moja na nusu. Kwa kuwa tulikuwa watatu, tulikubaliana kila mmoja apande raundi mbili mfululizo usiku wa manane ili mwingine apate usingizi. Zamu yangu iliingia saa 8 na nusu.

Hapa nazungumza kama muuguzi. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri joto la mwili wa binadamu hushuka hadi chini kabisa. Wodini tunalijua bila kutazama kipimajoto. Ndio wakati wagonjwa wanaomba blanketi la pili, na ndio wakati sisi wenyewe tunasoma namba moja mara tatu ili tuwe na hakika. Nilikuwa nimefanya zamu za usiku kwa miaka, nikadhani nimeuzoea wakati huo. Lakini wodini kuna taa na kuna mtu wa kuzungumza naye. Msituni kulikuwa na duara la mwanga lenye upana wa mkeka, na pumzi yangu ikipita mbele yake kama moshi. Nilianza kuona vitu. Kisiki kilikuwa mtu aliyechuchumaa. Nikamsalimia.

Kwenye miamba mipana taa ya kofia ikazima, bila hata kupepesa kwanza. Nikabaki na ya usukani, nayo ikashuka hadi kiwango cha mwisho. Betri ya akiba niliyokuwa nayo tumboni niliichomeka na haikuwaka. Nilikuwa nimebeba iliyokwisha na kuiacha iliyojaa hemani. Nikashuka, nikaanza kusukuma baiskeli kwenye barafu kwa viatu vyenye soli ngumu.

Nyuma yangu akaja mtu taratibu sana. Alikuwa mzee wa umri wa baba, ndevu zimeganda, anapanda peke yake tangu saa 4 asubuhi ya jana. Akauliza kama nimeumia. Nikamwambia ni taa. "Basi kaa mbele yangu," akasema, "mimi sina haraka." Akanimulikia kutoka nyuma kilomita nzima na zaidi. Mwanga wake ulikuwa unakitupa kivuli changu mbele, kirefu, kwa hiyo alijiweka kushoto kidogo ili kivuli kianguke kulia na njia ibaki wazi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Nilimuuliza amezunguka mara ngapi. Akasema hajui, mkewe ndiye anayehesabu.

Nilifika hemani saa 10 kasoro dakika 5 kuchukua betri. Mwalimu alikuwa macho, akaichomeka yeye kwa mkono mmoja. Simu ikaita mfukoni. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Bado. Nina raundi nyingine sasa hivi."

"Saa ngapi huko?"

"Saa 10 usiku."

"Huku saa 1," akasema. "Nimeshafungua kibanda."

Nyuma yake nilisikia kengele ya baiskeli, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Nikamuuliza kama jua limetoka. Akasema limetoka, tena linachoma shingo. Halafu akauliza, "Mnyororo umeutia mafuta?"

"Niliutia saa 3."

"Maji yameshayaosha hayo. Tia tena kabla hujatoka. Futa ya ziada."

Nikaweka simu, nikautia mafuta mnyororo kiungo kwa kiungo, nikafuta ya ziada. Mwalimu hakuniharakisha. Na nilipokuwa nimechuchumaa pale nikapiga hesabu yangu ya wazee. Jua lilizama saa 10 na dakika 10. Sasa ilikuwa inakaribia saa 10 na dakika 10. Saa 12 kamili za usiku zilikuwa zimetimia. Kwa kipimo cha Tanga usiku ulikuwa umekwisha, na kwa baba ulikuwa umekwisha kweli, kibanda kimefunguliwa. Mbele yangu kulikuwa na karibu saa 5 za giza ambazo hesabu yangu haikuwa na nafasi nazo. Niliondoka hemani katika saa ya kumi na tatu ya usiku.

Nilitegemea kuogopa. Badala yake raundi ile ya tano ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko zote. Nadhani nilikuwa nimeacha kusubiri. Kwa saa 12 mwili wangu ulikuwa unalidai jua, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa na miaka yote ya utoto. Lilipopita deni lake na halikuja, mwili ukanyamaza. Kilichobaki kilikuwa mnyororo usiolia, mchele na sukari guru, mti uliopasuka na mizizi yake mitatu. Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kwenye moto wa pili msimamizi mmoja alinipa kikombe cha supu bila kusema neno, nikanywa nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali. Sikuwa na haja ya kujua ni saa ngapi, na mimi ni mtu anayevaa saa ya kifuani kazini.

Raundi yangu ya mwisho ilianza saa 2 kasoro dakika 20 asubuhi, kwa kawaida ingekuwa ya mwalimu. Katika lugha yetu hiyo ni asubuhi, watoto wako darasani. Msituni ilikuwa giza totoro, saa ya kumi na sita. Nilipanda kilima kwa gia ndogo kabisa. Mahali fulani baada ya miamba niligundua kwamba ninaona vigogo vilivyo nje ya duara la taa. Sikuona mwanga ukija. Nilikuta tu umeshafika. Theluji iliyokuwa juu ya Ben Wyvis, mlima wa mita 1,046, ilikuwa na rangi ya buluu, kisha ya waridi kwenye ncha.

Nilizima taa kwenye daraja la mbao. Ile mizizi mitatu niliyoiogopa usiku kucha ilikuwa midogo, unene wa kifundo cha mkono. Yule mzee nilimpita karibu na mwisho, anasukuma baiskeli, anaimba. Nilimsalimia, akanijibu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

Nilimpokeza muuguzi mwenzangu saa 3 kasoro dakika 5, akaondoka kwa raundi ya kufunga. Mwalimu akanifunika kwa blanketi. Vidole vilipoanza kusikia nikampigia baba. Tanga ilikuwa inakaribia saa 6 mchana.

"Kumekucha?" akauliza kabla ya salamu.

"Kumekucha, baba. Sasa hivi."

"Huku jua liko utosini. Adhuhuri karibu inaingia, nafunga kibanda." Nikasikia mbao za mlango. "Mnyororo?"

"Haukulia hata mara moja."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikajua kutokana na sauti yake kwamba ameinama, anafunga kufuli.

Muuguzi mwenzangu alirudi muda mfupi kabla ya saa 4, tope mpaka kwenye nyusi. Mwalimu akaandika kwenye ubao kwa mkono wake mzima: 20.